Taa ya vipepeo wa usiku Masisi na Walikale: daftari libaki mikononi mwa nani?

Usiku usio na mbalamwezi, taa za wavuvi wa sambaza huonekana kutoka mwambao wa Goma kama mtaa mwingine uliojengwa juu ya Ziwa Kivu. Hakuna anayemfundisha mvuvi kwamba mwanga huvuta samaki. Anajua pia kwamba mwezi ukijaa taa yake hupoteza nguvu, na siku hizo wengi huona afadhali kushona nyavu. Ukiliacha ziwa na kupanda barabara ya Sake kuelekea Masisi, kisha kushuka hadi kwenye misitu ya Walikale, elimu hiyohiyo ingeweza kufanya kazi nyingine: kuwavuta na kuwaandika vipepeo wa usiku, wadudu ambao watoto wao ni viwavi, wengine wakila mahindi ya mkulima na wengine wakiliwa na mkulima mwenyewe.

Vitabu vya Kiswahili huwaita nondo, jina ambalo fundi ujenzi wa Dar es Salaam akilisikia anafikiria chuma cha zege. Huku Kivu watu husema tu vipepeo wa usiku, na inatosha.

Mtego wa taa wenyewe ni kitu cha zamani. Kwa miaka mingi ulitegemea balbu kubwa za zebaki zilizohitaji jenereta, jenereta ikahitaji mafuta, na mafuta yakahitaji mtu wa kuyabeba. Yeyote anayezijua njia za Walikale wakati wa mvua, ambako pikipiki huzama kwenye tope hadi kitini, anaelewa kwa nini kazi hiyo ilibaki ya wageni wenye wapagazi na bajeti. Taa za LED zimebadilisha hesabu. Mwaka 2017 mtafiti Gunnar Brehm wa Chuo Kikuu cha Jena, Ujerumani, alichapisha maelezo ya taa ndogo aliyoibuni kwa kazi hiyo. Ni nyepesi, ni ngumu, na hutoa mionzi ya urujuanimno ya nanomita 368 pamoja na mwanga wa bluu wa 450 na wa kijani wa 530, yaani mwanga uleule ambao macho ya vipepeo wengi wa usiku huupokea vizuri. Ilijaribiwa kwenye milima ya Alps upande wa Italia na kwenye Andes ya Peru, ikavuta wadudu kwa wingi. Taa za namna hii huwashwa na betri ndogo ya kubeba. Mfuko mmoja wa mgongoni unatosha taa, betri, shuka jeupe na kamba, na mchana betri inachajiwa kwa paneli ya jua kama ile inayochaji simu za watu sokoni.

Kwa nini wadudu hawa hung'ang'ania taa? Wengi husema wanaipenda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliotumia kamera zenye kasi kubwa, ulionyesha jambo la kusikitisha kidogo. Mdudu arukaye usiku huelekeza mgongo wake kwenye mwanga, kwa sababu tangu enzi na enzi sehemu yenye mwanga usiku ilikuwa juu, angani. Taa ikiwa pembeni, mgongo nao hugeukia pembeni, na mdudu hubaki akizunguka bila kupata pa kutokea. Anachoonyesha pale ni kupotea njia.

Basi kifaa si kikwazo kikubwa tena. Kikwazo ni mpango. Taa hizi zikiingia Masisi na Walikale kwa njia iliyozoeleka, yaani msafara wa wataalamu wa wiki mbili wenye magari, vitambulisho vya shingoni na picha nzuri, zitazaa makala katika jarida la mbali, na hakuna kitakachobaki Nyabiondo wala Itebero. Zikiingia kwa njia ya mwalimu, afisa kilimo wa sekta na kijana wa kijiji anayewasha taa mahali palepale, siku zilezile za kila mwezi, mwaka mzima, zitaacha kitu ambacho msafara hauwezi kukinunua, nacho ni mfululizo wa tarehe. Orodha ya usiku mmoja ni picha. Orodha ya miezi 24 mahali pamoja inaonyesha nani anakuja na mvua, nani anakuja na kiangazi, na nani ameacha kuja.

Pingamizi la kwanza linajulikana, na halifai kudharauliwa. Masisi-centre iliangukia mikononi mwa M23 Januari 2025. Walikale-centre ikafuata Machi, kabla ya waasi kuondoka mapema Aprili. Kuna familia zilizokimbia mara nyingi kuliko zinavyoweza kuhesabu. Kumwambia mama anayelala chini ya turubai kwamba nchi ina haja ya kuhesabu vipepeo ni kama kumtukana, na akijibu kwa hasira ana haki yake.

Lakini mama huyohuyo, siku atakapopata nafasi ya kurudi shambani hata kwa msimu mmoja, atakutana na kiwavi. Kiwavijeshi vamizi, mzaliwa wa Amerika, alithibitishwa barani Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, upande wa magharibi. Mwaka 2017 alikuwa ameshafika Kenya, na Kongo ilikuwa katikati ya njia yake. Kipepeo jike hutaga mayai zaidi ya elfu moja katika maisha yake mafupi, na upepo ukimsaidia huweza kuruka makumi ya kilomita kwa usiku mmoja. Kiwavi akishajificha kwenye moyo wa mhindi, dawa humfikia kwa shida. Mkulima humgundua akiona majani yametobolewa na kinyesi kimerundikana kama unga wa mbao chini ya msumeno. Kufikia siku hiyo kipepeo aliyemleta alikwisha kupita zamani, usiku, bila mtu kumwona.

Afrika Mashariki ililijua hili kabla ya taa za LED kuwepo. Kiwavijeshi wa Kiafrika, ndugu wa huyu mvamizi, ni mdudu wa mlipuko. Anaweza kukosekana miaka, kisha akatokea kwa mamilioni na kumaliza malisho, mahindi, mtama na mpunga kwa siku chache. Katika miaka ya 1960 watafiti wa shirika la pamoja la kilimo na misitu la Afrika Mashariki, lililokuwa na makao yake Muguga karibu na Nairobi, walitegemea mtandao wa mitego ya taa iliyotawanywa katika nchi za eneo hilo. Asubuhi mtu alifungua mtego, akahesabu vipepeo, akaandika. Tarakimu zikakusanywa, na mwaka 1969 huduma ya kutabiri milipuko ikaanza. Kwa kuhesabu huko kwa kila siku, kazi ambayo jirani angeweza kuiona ya kitoto, ilibainika kwamba vipepeo husafiri na pepo na hushuka mahali pepo zinapokutana na mvua. Mlipuko wa Tanzania mwanzoni mwa msimu ulikuwa barua kwa Kenya, na baadaye kwa Ethiopia.

Jumuiya ya zamani ilivunjika mwaka 1977, lakini kuhesabu hakukufa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wilayani Kilosa, Tanzania, utabiri ulishushwa hadi kijijini. Kijiji kilipewa mtego mmoja, safari hii wa harufu ya jike badala ya taa, pamoja na kipima mvua. Wanakijiji waliochaguliwa na wenzao wakafundishwa kusoma vyote viwili na kutoa onyo wenyewe, bila kusubiri taarifa ishuke kutoka makao makuu. Huo ndio mfano ambao Masisi ingepaswa kuuiga, kuliko mfano wowote wa Ulaya. Kilosa haikuwa na maabara. Ilikuwa na watu waliokubali kuamka alfajiri na kuandika tarakimu hata siku ambayo tarakimu yenyewe ni sifuri.

Kongo si mwanachama wa DLCO-EA, shirika la kupambana na nzige wa jangwani Afrika Mashariki ambalo hushughulika pia na viwavijeshi. Iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na tangu hapo mazungumzo yamekuwa ya majeshi, mipaka na ushuru. Kipepeo anayevuka kutoka Uganda au Rwanda usiku hakuulizwa ushuru na mtu. Mtandao wa kuonyana juu ya wadudu ni jambo dogo ambalo jumuiya ingeweza kulifanya hata wakati ambapo majenerali wake hawasalimiani.

Tahadhari moja ni ya lazima hapa, kwa sababu wauzaji hawakawii kufika. Mtego wa taa si dawa ya viwavi. Kumjua kiwavijeshi vamizi peke yake, mtego wa harufu ni bora zaidi, kwani huwavuta madume wa aina hiyo na karibu kuwaacha wengine wote; FAO ilitoa mwaka 2018 programu ya simu ya kukusanyia tarakimu za mitego ya namna hiyo na za ukaguzi wa mashamba. Taa haichagui. Huita adui, rafiki na mpita njia: kipepeo anayetaga kwenye mahindi, yule anayechavusha maua ya usiku, mbawakawa, mbu, na hata mchwa mwenye mabawa aliyekuwa akienda harusini kwake. Anayepita vijijini akiuza taa ya jua kama mashine ya kumaliza viwavi anauza matumaini, na mkulima aliyenunua atalipa mara mbili, sokoni na shambani. Kazi ya taa ni kuonyesha. Mtego wa harufu umfuate adui mmoja shambani, na taa isome jamii nzima ya wadudu inayolizunguka shamba hilo. Ni vifaa viwili vyenye kazi mbili, na kuvichanganya kumeua miradi mizuri.

Uganda inatoa somo lingine. Masaka, msimu wa senene, watu husimamisha mabati marefu juu ya mapipa na kuwasha balbu kali hadi mji mzima unang'aa. Senene huja, hugonga bati, huteleza ndani ya pipa, na alfajiri wako njiani kwenda masoko ya Kampala. Ni ujuzi halali na ni riziki ya maelfu ya watu. Lakini mwanga ule ni wa kuvuna, hauambatani na daftari, na wafanyakazi wanaokesha chini ya balbu hizo hulalamikia macho na ngozi. Taa ndogo ya LED haifikii ukali huo, ila mionzi ya urujuanimno ni ileile kwa jina, na Brehm mwenyewe anashauri miwani na kukaa mbali kidogo. Mradi wowote utakaopeleka taa shuleni bila miwani urudishwe mlangoni.

Masisi ina mahindi, maharagwe, viazi na ng'ombe wa jibini. Walikale ni habari nyingine, na kwa jambo hili ni habari tamu zaidi. Ndiyo wilaya kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, yenye zaidi ya kilomita za mraba 23,000, wakati Masisi haifiki 5,000. Msitu wake unaungana na hifadhi ya Maiko na sehemu ya chini ya Kahuzi-Biega. Nje ya jimbo jina la Walikale hutajwa kwa mambo mawili, kasiteriti ya Bisie na sokwe wakubwa wanaoitwa gorila wa Grauer. Gorila hao wamehesabiwa, na inafaa hivyo. Makadirio ya mwaka 2016 yalisema wamebaki kama 3,800. Mwaka 2021 hesabu mpya, yenye data zaidi na mbinu bora, ikasema kama 6,800. Watu wakabishana kwa tarakimu mezani, na ulinzi ukanufaika na mabishano hayo. Mabishano ya aina hiyo juu ya wadudu wa msitu huohuo husikii, ingawa popo, ndege na mijusi wa msitu wanawategemea kila siku.

Wala si suala la popo tu. Viwavi wanaoliwa, ambao Kinshasa huwaita mbinzo, ni nyama ya wengi katika misitu ya Kongo na ni biashara ya akina mama kuanzia Kisangani hadi mji mkuu. Mmojawapo wa wanaopendwa hula majani ya sapelli, mti uleule ambao mkata mbao anautafuta kwanza. Mti mmoja unadaiwa na watu wawili, na mara nyingi anayeshinda ni mwenye msumeno, kwa sababu mbao zina bei iliyoandikwa na viwavi hawana. Vipepeo wa familia hiyo ya viwavi ni wakubwa, wengi wana duara kama jicho lililochorwa kwenye bawa, na huja kwenye taa. Wakishakuwa na mabawa hawali tena. Huishi siku chache kwa mafuta waliyojiwekea wakiwa viwavi, wakapandana, wakataga, wakafa. Tarehe za kuonekana kwao zikiandikwa miaka mitatu au minne mfululizo zinaweza kumsaidia mchumaji kujua viwavi watatokea lini, na zinaweza kuipa jamii yenye konsesheni ya msitu kitu cha kuweka mezani mkata mbao anapokuja. Sheria inaruhusu konsesheni hizo: Kodi ya Misitu ya mwaka 2002 ilifungua mlango, na amri ya Agosti 2014 ikaeleza utaratibu. Mpango wa usimamizi wa msitu unaotaja miti na gorila tu umeliacha shamba la viwavi nje ya hesabu.

Halafu kuna mteremko wenyewe. Malisho ya Masisi yanapita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Misitu ya Walikale inashuka chini ya 1,000. Kilimanjaro, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti Jan Axmacher na Konrad Fiedler walitumia taa za kubebeka kuwaandika vipepeo wa usiku kutoka msitu wa chini hadi wa juu, na hata walilinganisha mtego unaojiendesha na mtu anayekaa kando ya taa akikusanya kwa mkono. Jambo linalofaa kukumbukwa ni kwamba taa ndogo huvuta wadudu kutoka makumi machache ya mita tu. Wengine huliona hilo kuwa udhaifu, kumbe ndilo linaloifanya iwe kipimo kizuri. Taa iliyo katikati ya malisho ya Mweso inasema juu ya malisho ya Mweso, na ile iliyo kwenye ukingo wa msitu wa Itebero inasema juu ya ukingo ule. Milima ya Masisi iliyovuliwa msitu ili ng'ombe wapate nyasi inaweza kulinganishwa na vipande vya msitu vilivyobaki juu ya vilele, kwa usiku uleule na taa ileile.

Swali la daftari linabaki, na hapo ndipo wengi huanza kuzungumza kwa ukali. Jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, lina mamilioni ya wadudu waliotoka Kongo, wamechomwa pini, wameandikiwa tarehe na mahali. Misheni ya de Witte ya 1933 hadi 1935 katika hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga, ilitoa vitabu mfululizo ambavyo mwanafunzi wa Goma huvipata kwa taabu. Si wizi tu unaopaswa kutajwa hapa. Bila makusanyo yale, majina mengi yasingekuwepo, na mtaalamu wa leo hawezi kutambua kipepeo wa Walikale bila kuyarejea. Lakini mtu aliyeandika hakuwa wa hapa, na alipoondoka, kuandika kuliondoka naye.

Walikale ina mfano wake wa njia nyingine. Mwaka 1956 Mbelgiji Daniel Biebuyck aliandika utendi wa Mwindo kutoka kinywani mwa msimulizi wa Kinyanga. Kitabu kilipotoka mwaka 1969, jina la pili kwenye jalada lilikuwa la Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe na msomi wa lugha. Kazi ile ilikuwa na mtu ndani yake aliyeijua lugha bila kuuliza. Vipepeo nao wana majina huko, au angalau viwavi wanayo, kwa sababu watu hawali kitu kisicho na jina. Daftari la taa lenye safu ya jina la Kinyanga, la Kihunde, la Kikano au la Kitembo kando ya jina la Kilatini litakuwa na thamani kuliko lenye Kilatini peke yake. Na pale jina la Kilatini halijulikani, paandikwe namba ya picha. Kubahatisha jina ni kosa baya kuliko kuacha nafasi wazi, kwa sababu nafasi wazi inaweza kujazwa baadaye, na jina bovu linanakiliwa.

Vielelezo vinavyopelekwa nje vina sheria yake. Kongo ni mwanachama wa Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010, inayotaka anayechukua rasilimali za kijenetiki apate idhini na akubaliane na wenyeji juu ya manufaa. Kipepeo mmoja kwenye bahasha ana jeni zake. Chuo Kikuu cha Goma, INERA ya Mulungu na kituo cha utafiti cha Lwiro viko karibu kuliko Brussels. Seti ya kwanza ya vielelezo ikae huko, nakala ndiyo isafiri. Na daftari lenyewe, lile la karatasi lenye alama za vidole vya matope, libaki shuleni au kwenye ofisi ya sekta, likipigwa picha kila mwisho wa mwezi ili moto au uporaji usiondoke na kila kitu.

Uporaji na mabunduki haviwezi kurukwa. Taa inayowaka usiku kilimani Masisi haiwaiti wadudu peke yao. Askari ataiona, na mpiganaji wa kundi lolote ataiona, na kila mmoja atakuwa na tafsiri yake. Kijana aliyekaa kando ya shuka jeupe saa tano za usiku anaweza kuitwa mpelelezi, na maelezo yake juu ya mawimbi ya nanomita 368 hayatamsaidia. Kwa hiyo hakuna taa inayopaswa kuwashwa kabla chifu, mkuu wa kijiji na wenye silaha wanaotawala mahali hapo kwa wakati huo hawajajua. Na siku ambayo mmoja wao amekataa, taa ibaki ndani. Mahali pazuri ni ua wa shule, kituo cha afya au parokia, penye mlinzi na penye watu waliozoea kuona mwanga. Mtego wa ndoo, wenye faneli juu na trei za mayai ndani ambamo vipepeo hujificha, unafaa kuliko shuka, kwa sababu haumtaki mtu akeshe. Unawashwa jua likizama na kufunguliwa alfajiri. Alfajiri kweli, maana kuku wa parokia hujifunza haraka kuliko wanafunzi, na wakishajua ndoo ina nini, takwimu za siku hiyo zimeliwa.

Kufungua ndoo si kazi ya chuo kikuu. Kipepeo anapigwa picha kwa simu juu ya karatasi ya daftari la hesabu, ili miraba ionyeshe ukubwa wake, kisha anaachiwa kwenye kichaka mbali na ndoo. Panaandikwa tarehe, mahali, aina ya taa, saa ya kuwasha na kuzima, mvua, upepo na hali ya mwezi. Hali ya mwezi isisahauliwe. Mvuvi wa sambaza angecheka kuona usiku wa mwezi mpevu umelinganishwa na usiku wa giza kama kwamba ni usiku mmoja. Anayetumia shuka atumie lilelile kila mara, kwa kuwa kitambaa hupunguza mionzi ya urujuanimno na kuongeza bluu, huenda kutokana na viini vya kung'arisha vilivyomo ndani yake.

Fedha zipo, ila zimezoea kwenda kwingine. Miradi ya gorila tayari ina wafuatiliaji wanaotembea msitu wa Walikale kila wiki, watu wa hapohapo wenye macho makali kuliko kamera yoyote. Ndoo tatu na taa tatu kwa kila kambi ni sehemu ndogo ya bajeti ya mafuta ya gari moja. Kodi ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka kampuni ya uchimbaji itenge asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Fedha hizo hujenga madarasa, na ni vyema. Darasa lenye taa, ndoo na daftari halitagharimu zaidi sana ya darasa lisilo navyo. Ukaguzi wa kilimo wa jimbo nao hauhitaji kununua kitu chochote kipya ili kuanza. Unahitaji kukubali kupokea tarakimu kutoka Kitchanga, Nyabiondo, Kibua na Itebero kwa ujumbe wa simu, na kuzijibu. Mtu anayetuma namba mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu bila jibu hatatuma ya nne.

Msimu A hupandwa Septemba. Taa zikifika Agosti na vituo vinne vikachaguliwa, viwili mashambani Masisi na viwili ukingoni mwa msitu Walikale, ukurasa wa kwanza wa daftari utakuwa umeandikwa kabla mahindi hayajachomoza, na ukurasa huo utaonyesha ni vipepeo gani walikuwepo wakati shamba bado ni udongo mtupu.